Gemu likishakimbiwa, nyongeza mpya inaweza kulifufua? Tuangalie namba kabla ya kuchanga mshiko

Leo tuongelee ubishi ulioko kijiweni kwetu pale intaneti kafe. Washkaji wanataka tuchange hela turudi kwenye World of Warcraft, sababu wamesikia kuna nyongeza mpya. Wanasema gemu litajaa watu kama enzi zile. Mimi nimewaambia tusikimbilie. Mmoja wetu hela yake anaipata kwa kushusha mboga za Mgeta sokoni alfajiri, na mchango wenyewe si jero wala buku. Ada peke yake ni karibu dola 15 kwa mwezi kwa kila kichwa, na nyongeza inanunuliwa mbali. Zidisha mwenyewe kwa bei ya dola ya leo.

Kwa asiyejua: nyongeza ni sehemu mpya inayouzwa juu ya gemu la zamani. Inaleta nchi mpya za kuzurura, maadui wapya, silaha mpya, na mara nyingi inapandisha levo ya mwisho. Sasa twende kwenye namba.

World of Warcraft lilitoka Novemba 2004. Nyongeza ya kwanza ikaja Januari 2007, ya pili Novemba 2008, na watu wakawa wanaongezeka tu. Oktoba 2010 kampuni ya Blizzard ikatangaza wamefika wateja milioni 12. Baada ya hapo wakaanza kupungua, hadi Juni 2014 wakabaki milioni 6.8. Novemba 2014 ikatoka nyongeza ya tano, Warlords of Draenor. Wadau, watu walirudi nyomi! Ndani ya mwezi ule ule wakavuka milioni 10. Ungesema mgonjwa kapona. Lakini mwisho wa Machi 2015 walikuwa milioni 7.1, na Juni 2015 milioni 5.6. Yaani pungufu kuliko kabla ya nyongeza! Mwaka huo huo kampuni ikasema haitatangaza tena hesabu hizo.

Kwa nini inakuwa hivi? Mimi naona sababu mbili kubwa.

Ya kwanza, kupika kunachukua muda kuliko kula. Nyongeza moja inatengenezwa kwa miaka kama miwili, lakini mchezaji mkali anaimaliza kwa wiki chache. Akimaliza anaangalia kama kuna kingine cha kufanya. Kama hakuna, anasepa.

Ya pili ni mlima. Wana-Moro mnapajua Morningside, ile nyumba ya enzi za Wajerumani huko juu Uluguru. Fikiria kila mwaka wa pili nyumba inahamishwa juu zaidi. Waliotangulia wanahamia huko wote, na wewe unayeanza leo unapanda peke yako, njiani hukutani na mtu. Ndivyo levo zinavyofanya. Mwaka 2004 levo ya mwisho ilikuwa 60, kufikia 2018 ilikuwa 120. Nchi za chini zikabaki mahame. Wenyewe waliona tatizo, ndiyo maana mwaka 2020 wakaupunguza mlima: aliyekuwa 120 akashushwa hadi 50, na kilele kipya kikawa 60.

Sasa msiniambie nimesema nyongeza haifai. Kuna magemu yaliyofufuka kweli. Final Fantasy XIV lilitoka Septemba 2010 likiwa bovu, watu wakalilalamikia kila kona. Kampuni ya Square Enix haikulibandika nyongeza juu ya ubovu. Ilibadilisha kiongozi wa kazi, ikalizima gemu Novemba 2012, na Agosti 2013 ikalirudisha likiwa limejengwa upya. Nyongeza zikaja baadaye, juu ya msingi mzima. Desemba 2021 ilipotoka Endwalker, foleni za kuingia zilikuwa ndefu mpaka kampuni ikasimamisha kwa muda kuuza gemu!

Mfano mwingine ni RuneScape la Uingereza, lililoanza 2001 na lilikuwa linachezwa ndani ya brauza. Baada ya mabadiliko makubwa wachezaji wengi walinuna. Februari 2013 kampuni ya Jagex ikapiga kura, watu karibu 450,000 wakashiriki, na toleo la mwaka 2007 likarudishwa kwa jina la Old School RuneScape. Kuanzia hapo jambo jipya likitaka kuingia lilipigiwa kura, na lilihitaji asilimia 75 ya wachezaji kukubali. Oktoba 2018 likafika kwenye simu. Hapa kilichorudisha watu ni kusikilizwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nyongeza ni chakula, siyo dawa. Gemu zima likipewa chakula linanawiri. Gemu linaloumwa likipewa chakula linaamka siku mbili tatu, halafu linalala tena. Swali siyo "nyongeza ina nini?" Swali ni "watu waliondoka kwa sababu gani, na sababu hiyo imeondolewa?"

Sasa sisi wa kafe tufanyeje? Moja, World of Warcraft unaruhusiwa kucheza bure mpaka levo 20. Tuanzie hapo, tutalipia muda wa kafe tu. Tutazame kama huko chini kuna watu. Mbili, tuongee na mwenye kafe kwanza. Gemu hili ni gigabaiti nyingi, na mashine nyingi za kafe zimewekewa programu inayofuta kila kitu ukizizima. Utapakua mchana kutwa, kesho huli kuti. Tatu, tusubiri miezi minne tangu nyongeza itoke. Tumeona kwa Draenor, mwezi wa kwanza unadanganya. Watakaokuwa bado wamo baada ya hapo ndio majirani zako wa kweli.

Baada ya hapo kama bado mnataka, na mimi nachanga. Ila yule wa mboga za Mgeta asichangishwe kwa kelele za wiki ya kwanza.

Haya wadau, nawasilisha. Anayepinga aje na namba.