Harara ya Petroli

Gari letu la nyumbani ni la jamii ile ya magari ya petroli ambayo, tangu Toyota ilipoanza kuuza RAV4 mwaka 1994, yamekuwa na kimo cha gari la porini juu ya bodi iliyoundwa kama ya gari dogo la mjini. Nalo lilitumika kwanza Japani, likavuka bahari, likashushwa bandarini Dar es Salaam, na leo hutuchukua kila alfajiri kutoka Tegeta, watoto kwenda shule na wazazi kwenda kazini. Wakati wa masika, maji yanapotuama katika njia za mitaani, kimo hicho ni neema iliyo dhahiri. Walakini, mwenye gari la namna hii hachelewi kuona jinsi mshale wa mafuta ushukavyo upesi, na aghalabu humshuku fundi, ilhali sababu iliyo kubwa kuliko zote imo katika tabia ya moto wenyewe.

Lita moja ya petroli ina nishati ipatayo megajuli 32. Injini ya mapigo manne, ambayo Nikolaus Otto wa Ujerumani aliiunda mwaka 1876, huvuta hewa na mafuta, huvikandamiza, huviwasha kwa cheche ya plagi, kisha huusukuma moshi nje. Na katika kazi hiyo yote ni kama robo tu ya nishati ile ifikayo magurudumuni, nayo iliyosalia hutokea kwenye rejeta na bomba la moshi ikiwa harara tupu. Mfaransa Sadi Carnot alikwisha kubainisha mwaka 1824 kwamba hapana mashine ya moto iwezayo kugeuza harara yote kuwa kazi, hata ikiundwa na fundi hodari namna gani.

Na robo hiyo, mjini, huliwa na uzito. Tukishaingia sote na mikoba yetu, gari hukaribia kilo 1,800. Kulifikisha mwendo wa kilomita 50 kwa saa hudai petroli ya kijiko kikubwa kimoja na nusu, na mguu ukanyagapo breki, nishati ile yote hugeuka joto katika diski na kupotea hewani. Kuondoka na kusimama hivyo mara 46 ni lita nzima, mbali na lita nyingine, au karibu yake, iteketeayo kila saa tunayokaa katika foleni ya Mwenge huku kiyoyozi kikifanya kazi. Lakini kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi, asogeaye kwa kilomita 25 kwa saa hupoteza robo tu ya apotezayo yule wa 50; ndiyo maana naona dereva aondoaye mguu kwenye mafuta mapema, aonapo taa nyekundu kwa mbali, anaitunza mali yake kuliko anunuaye dawa za kutia katika tangi.

Safari za mbali zina hasimu mwingine, nao ni upepo: tokea 80 hadi 100, ukinzani wa hewa huzidi kwa zaidi ya nusu, na gari refu huubeba kwa kifua kipana.

Asubuhi moja binti yangu aliona maji yakidondoka kwenye bomba la moshi, akauliza kama gari linaumwa. Nikamweleza kwamba haidrojeni iliyomo katika petroli, ikiungua, huwa maji, hata lita moja ya mafuta huzaa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke na kugeuka matone bomba lingali baridi. Na kaboni yake huwa kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Akashangaa, kwani lita yenyewe haina uzito wa kilo moja. Nikamjibu kwamba uzito uliozidi ni oksijeni, iliyochukuliwa katika hewa hii hii tunayoivuta sisi. Akautazama ule moshi mwepesi kwa muda, kisha akaingia garini, tukaondoka.