Majina Yanayofanana katika Nyaraka za Zanzibar za Karne ya 19

Katika nyaraka za Zanzibar za karne ya 19, jina pekee halitoshi kumtambulisha mtu. Watu mashuhuri waliandikwa kwa nasaba na nisba. Mathalani, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip (aliyefariki 1905), hutofautishwa na akina Hamed wengine. Kinyume chake, watumwa na wapagazi mara nyingi waliandikwa kwa jina moja tu, kama vile Mabruki. Mabruki aliyeongozana na Burton na Speke mwaka 1857 alikuja kuitwa Mabruki Speke, kwa jina la mwajiri wake. Hivyo, mtafiti asiyelinganisha mwaka, mahali na kazi huweza kumpa Mabruki huyo anayejulikana maisha ya akina Mabruki wengine, nao wakafutika katika historia.