Kidole Gumba na Maji ya Chumvi

Je, wajua kwamba mpira wanaowekewa shingoni wagonjwa wa kusafishwa damu haukai mtupu hata siku usipotumika? Ncha yake iko kwenye mshipa mkubwa, jirani kabisa na moyo, na damu ikipenya ndani yake ikatulia, inaganda. Ukiziba kabisa mgonjwa huwekewa mwingine, na mishipa ya shingo si mingi ya kuchezea.

Kwa miaka mingi sifa zote za kuuweka mpira huo wazi zilipewa dawa iitwayo heparini. Iligunduliwa mwaka 1916 huko Baltimore, Marekani, na Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akichunguza ini la mbwa katika maabara ya profesa William Howell. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe, jambo ambalo mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa mapema. Wengi hudhani inayeyusha damu iliyoganda. Haiyeyushi. Inakipa nguvu kinga ya mwili wenyewe, protini iitwayo antithrombini, ili damu isigande. Bonge likishakaa, hutafutwa dawa nyingine kama alteplase, nayo ni ghali.

Kinachonikera ni jinsi tunavyobishana kuhusu dawa tukasahau mkono unaoisukuma. Kwa watu wazima, tafiti zilizolinganisha heparini na maji ya chumvi ya kawaida, gramu 9 za chumvi kwa lita, hazijaona tofauti kubwa katika mipira mingi ya mishipa mikuu. Ile ya kusafishia damu ina mambo yake, nitaifikia.

Mtazame nesi anayeijua kazi. Anachukua bomba la sindano la mililita 10 hata kama maji anayotaka ni kidogo, kwa sababu bomba jembamba linatoa shinikizo kali linaloweza kuupasua mpira. Hasukumi kwa mkupuo. Anasukuma kidogo, anasita, anasukuma tena, anasita. Kila msukumo unayavuruga maji mle ndani, nayo yanabandua damu na protini zilizonata ukutani, kama chupa ya chai inavyotakata ukiitikisa kuliko ukiipitishia maji tu. Yakibaki kama nusu mililita, anabana klempu huku kidole gumba bado kinasukuma. Akiachia kidole kwanza, damu inanyonywa kurudi kwenye ncha, na kazi yote imekwenda bure. Ufundi huu haugharimu hata senti, lakini ukiwa na wodi iliyojaa na nesi mmoja wa zamu, ndio wa kwanza kurukwa.

Sasa mipira ya kusafishia damu. Hii hujazwa heparini nzito, au sitrati, ambayo huikamata kalisi ya damu isipate kugandisha. Ujazo wa kila tawi umeandikwa kwenye mpira wenyewe, na kinachozidi huingia mwilini. Dawa hiyo huvutwa na kutupwa kabla ya kuanza tena kusafisha damu. Mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufariki alipojaziwa sitrati ya asilimia 46.7, ya asilimia 4 ndiyo inayotumika kwa wingi sasa.

Lakini hata maji ya chumvi yana kisa chake. Katika kliniki moja ya saratani jimboni Nebraska, Marekani, mwaka 2000 hadi 2001, bomba lililokwisha kuvuta damu ya mgonjwa lilirudishwa kuchota maji kwenye mfuko mmoja uliotumiwa na wagonjwa wengi. Wagonjwa 99 wakapata homa ya ini aina ya C. Kubana matumizi kwa kugawana mfuko ni uzembe tu, popote ufanyike.

Maji haya yana kazi nyingine pia: kutenganisha dawa mbili zisizopatana, kusukumia dawa iliyobaki njiani, kuosha baada ya kutoa damu, na kupima kama mpira unapitisha.

Ukiwa na mpira huo, wewe au ndugu yako, muulize nesi maswali mawili bila kuona haya: bomba ni jipya? Maji yametoka kwenye chupa au mfuko ambao hakuna mgonjwa mwingine aliyechotewa? Jibu likiwa hapana, kataa, kisha omba kuonana na nesi mkuu wa zamu.