Vigeu vya Mazingira na Nafasi ya Kiswahili katika Mfumo wa Linux

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiwezesha kompyuta kuiteua tafsiri iliyopo pasipo mtumiaji kuiomba kila mara. Katika mfumo wa Linux, uteuzi huo hutegemea zaidi vigeu vya mazingira.

Kigeu cha mazingira ni jina lenye thamani, ambalo programu hulirithi kutoka kwa programu iliyoianzisha. Urithi huo hushuka, haupandi: programu-mwana ikibadili thamani, programu-mzazi haiathiriki. Ndiyo maana thamani iliyowekwa katika dirisha moja la amri hutoweka dirisha hilo lifungwapo.

Ichukuliwe mfano wa kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi huko Chamazi, wilayani Temeke. Kwa desturi ya Debian na Ubuntu, msimamizi huandaa kwanza kanuni za lugha na nchi ziitwazo sw_TZ, kisha huandika LANG=sw_TZ katika faili la /etc/default/locale. Kila aingiaye hurithi Kiswahili. Apendaye Kiingereza hubadili thamani hiyo katika faili lake la.profile. Aidha, LANGUAGE=sw:en huelekeza kwamba pale tafsiri ya Kiswahili inapokosekana, itumike ya Kiingereza. LC_ALL haifai kuwa thamani ya msingi, kwani huvishinda LANG pamoja na vigeu mahususi kama LC_TIME kinachotawala tarehe.

Kosa lililo rahisi kutendwa ni kuhariri faili la kifurushi chenyewe chini ya /usr. Toleo jipya likisakinishwa, faili hilo huandikwa upya na marekebisho yote hupotea. Mahali pa uamuzi wa msimamizi ni /etc.

Ikumbukwe pia kwamba vigeu hivi vyote vikikosa thamani, programu hufuata kanuni ziitwazo C, ambazo kwa kawaida huleta ujumbe wa Kiingereza. Kwa hiyo msimamizi anyamazaye amekwisha kuchagua lugha kwa niaba ya watumiaji wote, na tafsiri ya Kiswahili, hata ikiwa imo ndani ya kompyuta, hubaki bila msomaji.