Ukuta wa Zege au Nguzo za Chuma: Mlinzi Anaogopa Nini?

Pale ambapo mpaka wa Marekani na Mexico unaishia katika bahari ya Pasifiki, baina ya miji ya San Diego na Tijuana, ipo bustani iliyofunguliwa mwaka 1971 na Bi. Pat Nixon, mke wa Rais wa Marekani wa wakati huo. Siku hizo mpaka ulikuwa ni seng'enge tu, na watu wa pande mbili wakipeana mikono. Baadaye ukaja uzio, kisha ukaongezwa wavu wa chuma wenye matundu madogo mno, hata mama wa upande mmoja na mwanawe wa upande wa pili hawakuweza kugusana ila kwa ncha za vidole. Familia zilizotenganishwa na masuala ya vibali zilisafiri mwendo mrefu kwa ajili ya ncha hizo za vidole. Mwaka 2020 upande wa Marekani ukafungwa kwa wageni, na hata hilo likakoma.

Tunaanza na bustani hiyo kwa kuwa kuta za mipakani huzungumzwa zaidi kwa lugha ya wahandisi na wanasiasa: urefu kiasi gani, gharama kiasi gani, chuma au zege. Hata hivyo, lugha hiyo nayo inafaa kusikilizwa, kwani ndani yake limo swali ambalo kila aliyewahi kujenga nyumba mjini analijua: tuzungushie matofali tusionekane, au tuweke nondo tumwone anayebisha hodi?

Wamarekani walianza na ukuta wa kuziba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika eneo la San Diego, walisimamisha mabamba ya chuma yaliyobaki kutoka vita vya Vietnam, ambako yalikuwa yakitandikwa ardhini ili ndege zipate pa kutua. Yalikuwa ya bei nafuu, maana tayari yapo ghalani. Lakini mabamba yale yana mikunjo, na yalipolazwa ubavu mikunjo ikawa ngazi kwa mwenye kutaka kupanda. Kubwa zaidi, askari wa doria hakuona kinachopangwa upande wa pili. Akikaribia, jiwe lilimjia kutoka juu bila kujua limetoka mkono wa nani. Ndiyo maana walinzi wenyewe, kabla ya mwanasiasa yeyote, walitaka uzio unaopitisha macho.

Rais Donald Trump alipoingia madarakani mwaka 2017 akiwa ameahidi ukuta mkubwa, yalijengwa mapande manane ya majaribio huko Otay Mesa, karibu na San Diego. Manne ya zege tupu na manne ya vifaa vingine. Yalikuwa na urefu wa takriban mita 5.5 hadi 9. Yalijaribiwa kwa nyundo, patasi, misumeno na mitungi ya gesi ya kukatia chuma, na hakuna hata moja lililoonekana kuwa halitobolewi kwa njia yoyote. Naye Rais mwenyewe alikwisha kuwaambia waandishi wa habari kwamba ukuta lazima upitishe macho, asije mtu akapita chini akaangukiwa na gunia la dawa za kulevya lenye uzito wa kilo ishirini na kitu lililorushwa kutoka Mexico. Wengi walicheka, hoja ya mlinzi, ukiiondolea gunia, ni ileile. Mwaka 2018 Bunge la nchi hiyo likaelekeza fedha zitumike kwa miundo iliyokwisha kutumika mpakani, mfano ukiwa nguzo za chuma. Februari 2019 yale mapande manane yakabomolewa.

Nguzo zilizosimikwa ni za pembe nne, upana wake kama sentimeta 15, ndani zimejazwa zege, na baina ya nguzo na nguzo pana nafasi ya sentimeta 10. Juu kabisa limewekwa bamba laini la kumzuia mpandaji. Haukupita muda, gazeti la Washington Post likaripoti kwamba wasafirishaji wa magendo wanazikata kwa misumeno ya betri inayouzwa madukani. Urefu wa nguzo, ambao ndio uliokuwa fahari yake, ukageuka udhaifu: ikishakatwa chini hubaki imeshikwa juu tu, na mtu huisukuma kando akapita. Wengine huleta ngazi. Kwa hakika hakuna muundo unaolinda peke yake. Humchelewesha mtu tu mpaka mlinzi afike.

Kwa nini basi Israel katika Ukingo wa Magharibi, kuanzia mwaka 2002, iliweka zege lenye urefu wa mita 8 katika maeneo ya miji, kama Abu Dis inayotenganishwa na Al-Quds? Jibu lake rasmi ni kuwazuia wadunguaji. Hapo hofu ni nyingine: si kutoona bali kuonekana. Lakini sehemu kubwa ya kizuizi hicho si zege, ni uzio wa waya wenye mitaro na barabara za doria kandokando. Msomaji asidhani kwamba huo ni mwepesi zaidi kwa Mpalestina. Ukuta wa zege unakula ardhi kidogo. Uzio na mitaro yake unakula makumi ya mita, na mkulima anauona mzeituni wake ng'ambo huku akisubiri lango lifunguliwe na kibali kikubaliwe. Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ujenzi huo ndani ya ardhi inayokaliwa ni kinyume cha sheria, bila kujali umejengwa kwa nini.

Na pale macho yanapopita, risasi nayo hupita. Katika mji wa Nogales mabamba ya zamani yaliondolewa mwaka 2011, zikasimikwa nguzo. Mwaka uliofuata, usiku wa Oktoba, kijana wa Kimexico wa miaka 16 aliuawa akiwa kwenye njia ya mji wake mwenyewe, kwa risasi za askari wa Marekani zilizopita katikati ya nguzo. Askari alidai kwamba walikuwa wakirushiwa mawe. Kesi zilisikilizwa mwaka 2018 na hakutiwa hatiani.

Nafasi hiyohiyo ya sentimeta 10, Julai 2019, ilipitisha kitu kingine. Wasanifu wawili, Ronald Rael na Virginia San Fratello, walipenyeza vyuma vitatu vyenye rangi ya waridi katikati ya nguzo, karibu na Ciudad Juárez, vikawa bembea za kupanda na kushuka. Watoto wa Mexico walikaa upande wao na wenzao upande wa Marekani. Huyu akishuka, yule anapanda. Walicheza kwa muda usiofika saa moja, kina mama wakiwa wamesimama kando, kisha vyuma vikatolewa.