Taarifa kwa Mafundi: Kuunda Msumeno wa Moto kwa Vipuri vya Injini Kongwe za Gokati

Wananchi wote, na hasa mafundi wa injini ndogo pamoja na wapasuaji mbao, wanaarifiwa kuwa ukurasa huu unatoa maelezo juu ya kazi inayofanywa na baadhi ya mafundi wa Marekani, ambayo inaweza kumvutia fundi yeyote anayependa mashine za zamani: kuunda msumeno wa moto kwa kutumia viungo vya injini vilivyotolewa katika gokati. Gokati ni kile kigari kidogo cha mashindano kisicho na bodi wala springi, ambacho dereva wake hukaa karibu kabisa na ardhi. Maelezo haya hayakusudii kumvunja moyo fundi. Yanatolewa kwa sababu injini ya namna hii ni rahisi kuiwasha kuliko kuidhibiti, na mwenye kuibeba huibeba mikononi, mbele ya uso wake na juu ya miguu yake.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba udugu wa vyombo hivi viwili si wa kubuni. Gokati ya kwanza iliundwa mwaka 1956 katika jimbo la California na Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano, akishirikiana na Lou Borelli. Injini waliyoifunga ilikuwa ya mipigo miwili, ya kampuni ya West Bend, yenye nguvu ya farasi 2.5, iliyokusudiwa mashine ya kukatia majani. Mwaka 1959 kampuni ya McCulloch, iliyokuwa na jina kubwa katika biashara ya misumeno, ilitoa injini ya Mc-10 kwa ajili ya gokati, nayo haikuwa ila injini ya msumeno iliyorekebishwa. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 1949 msumeno wa 3-25, wenye uzito wa ratili 25, yaani kilo 11 na ushei, ambao mtu mmoja aliweza kuutumia peke yake. Mwenye kampuni, Robert McCulloch, ndiye aliyelinunua Daraja la London mwaka 1968 na kulihamishia jangwani Arizona. Jambo hilo halimo katika mada yetu, ila linaonyesha kuwa bwana huyo hakuogopa kazi ya kufungua kitu pahala pamoja na kukifunga pahala pengine.

Hivyo basi, fundi anayetia injini ya gokati katika msumeno huwa anairudisha injini hiyo kwao. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa injini ya McCulloch 101 ya gokati na msumeno wa Super Pro 125 wa kampuni hiyo hiyo. Zote mbili zina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 123, na viungo vyao vingi ni vya ukoo mmoja. Hata hivyo, ukoo mmoja si kipimo kimoja. Kila beringi, kila pistoni na kila ncha ya krenki hupimwa kwa chombo kabla ya kuunganishwa, na isitegemewe macho wala maneno ya muuzaji.

Njia ya kazi ni mbili. Ya kwanza ni kuchukua injini nzima ya gokati na kuitengenezea mishiko, tangi na kiti cha upanga, yaani lile bamba refu la chuma linaloongoza mnyororo. Ya pili ni kutafuta gamba la msumeno wa zamani ambao injini yake imekufa, na kuhamishia humo krenki, pistoni, silinda na vilimi vya kuingizia hewa kutoka katika gokati. Ukurasa huu unapendelea njia ya pili bila ya kusita. Sanduku la krenki la gokati limetengenezwa lifungwe kwa bolti juu ya fremu ya chuma. Halina tangi la petroli, halina tangi la oili ya mnyororo, wala halina pahala pa mshiko. Gamba la msumeno lina vyote hivyo, vikiwa mahali pake tangu kiwandani, na uzito umegawanywa ili mtu aweze kuubeba. Fundi anayechagua njia ya kwanza atachomelea kwa wiki nyingi apate kitu kizito kinacholemea upande mmoja.

Sasa tuangalie kile ambacho gokati ilikiacha ilipoachana na msumeno, kwani hapo ndipo palipo na hatari yote.

Gokati daima ina mzigo. Dereva akikanyaga eksileta, injini husukuma uzito wa kigari na wa mtu, na mwendo wake hupanda kwa kadiri. Msumeno hauko hivyo. Ukiwa ndani ya gogo una mzigo. Ukitoka upande wa pili mzigo hutoweka ghafla, na injini hupaa. Kwa sababu hiyo kabureta nyingi za misumeno ya zamani zilikuwa na kidhibiti kinachozidisha petroli mwendo ukipita kiwango, ili injini ijizuie yenyewe. Kabureta ya gokati haina kidhibiti hicho. Fundi akiifunga kama ilivyo, injini itazunguka bila ya kikomo kila mara mbao inapokatika, mpaka konrodi ivunjike au flaiwili ipasuke. Aidha, flaiwili isipunguzwe uzito kwa tindo wala kwa jiwe la kunolea, kama wanavyofanya baadhi ya wapenda mashindano. Flaiwili hiyo huzunguka shubiri moja tu kutoka kwenye goti la mtumiaji.

Gokati nyingi za mwanzo hazikuwa na klachi. Zilisukumwa mpaka ziwake. Zile zilizokuwa nayo zilitumia klachi inayoshika kwenye mwendo wa juu. Msumeno unahitaji klachi yake wenyewe, inayoachia kabisa injini inapopumua na kushika inapopandishwa kidogo. Mnyororo ukitembea wakati injini inapumua, msumeno huo haujakamilika, na usitolewe karakanani.

Pamoja na hilo lipo suala la upande wa kuzunguka. Mnyororo wa msumeno hupita juu ya upanga ukienda mbele, na kurudi chini ukija kwa mtumiaji. Maana yake ni kuwa, ukitazama kutoka upande wa klachi, krenki huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Injini ya mipigo miwili yenye vilimi hukubali kuzunguka upande wowote, ilimradi taimingi ya magneto imepangwa hivyo. Fundi asipoangalia, injini inaweza kuwaka vizuri na kumpeleka mnyororo kinyume. Jambo baya zaidi ni kwamba klachi ya msumeno hufungwa kwa uzi wa kushoto ili injini yenyewe izidi kuikaza; ikizungushwa kinyume, injini huifungua.

Mwendo wa mnyororo nao hauhitaji kukisiwa, kwani hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue mnyororo wa kipimo cha inchi 0.404, yaani milimita 10.26. Kila jino la sproketi husogeza mnyororo vipimo viwili. Sproketi ya meno 8 ikizunguka mara moja, mnyororo husogea milimita 164. Kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, mwendo ni mita 24.6 kwa sekunde, karibu kilomita 89 kwa saa. Fundi mwenye pupa akifunga sproketi ya meno 10 na injini ya gokati ikafika mizunguko 12,000, mwendo huwa mita 41 kwa sekunde, karibu kilomita 148 kwa saa. Meno mawili tu yameongezwa, pamoja na kasi ya injini! Mnyororo ukikatika katika mwendo huo, vipande vyake huruka, na hakuna nguo ya kazi iliyotengenezwa kuvizuia. Inasisitizwa kuwa hesabu hii ifanywe kwa karatasi na kalamu kabla ya kununua sproketi.

Mafuta nayo yaangaliwe. Gokati nyingi za mashindano zilitumia methanoli. Kiasi cha methanoli kinachohitajika kwa hewa ile ile ni zaidi ya mara mbili ya petroli, kwa hiyo kabureta iliyopanuliwa njia zake kwa ajili ya methanoli itazamisha injini ikitiwa petroli. Fundi atafute kabureta ya viwambo iliyo ya msumeno, abadilishe viwambo vyote kwa kuwa vya zamani hukauka na kuwa vigumu kama ngozi ya ngoma, na atie ndani ya tangi mpira laini wenye kichujio kizito mwishoni, ili petroli ifuatwe popote msumeno unapoinamishwa. Methanoli yenyewe haifai kabisa kwa kazi hii: ni sumu, na moto wake hauonekani mchana. Oili huchanganywa ndani ya petroli kama kawaida ya mipigo miwili. Oili ya mnyororo ni nyengine na ina pampu yake. Gokati haikuwa na pampu hiyo.

Kwa hapa visiwani kuna jambo moja la ziada. Magamba ya misumeno ya zamani ni ya magnesi, madini mepesi ambayo hewa ya chumvi huyala. Unga mweupe unaoonekana kwenye viungo si vumbi. Ni gamba lenyewe linalokwisha. Palipolika karibu na sili za krenki, hewa huingia, mchanganyiko wa petroli hupungua, na pistoni hukwama kwa joto. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, matundu yote ya injini huzibwa, ikapulizwa hewa kwa shindikizo la takriban nusu baa, na shindikizo hilo libaki bila ya kushuka. Kisha hewa huvutwa, kujaribu upande wa pili. Kipimo hiki cha robo saa ndicho kinachookoa pistoni ambayo haipatikani tena madukani. Mwenye kukereza au kusaga magnesi awe na ndoo ya mchanga mkavu pembeni, kwani chembe zake zikiwaka, maji huzidisha moto.

Injini za gokati zilizofanyiwa kazi huwa na mbano mkubwa, na kamba ya kuwashia huweza kuupokonya mkono wa mtu. Valvu ya kupunguzia mbano itiwe kwenye silinda. Ekzosi ndefu ya mashindano iachwe. Kelele yake huharibu masikio, na moto wake huelekea kwenye mkono au kwenye majani makavu.

Limebaki lile ambalo gamba la zamani nalo huenda halina: breki ya mnyororo. Robo ya juu ya ncha ya upanga ikigusa kitu, mnyororo hung'ata na msumeno mzima hupiga teke kuelekea kichwani, kabla mtu hajapepesa jicho. Kwa msumeno wa sentimita za ujazo 123, mikono haiwezi kulizuia teke hilo. Asiyeweza kufunga breki inayofanya kazi autumie msumeno wake kwa kukatia magogo yaliyolazwa na kufungwa imara, na ncha ya upanga ibaki wazi wakati wote.

Wako watakaotaja misumeno ya mashindano ya Stihl Timbersports, yaliyoanza mwaka 1985, ambamo mshindani hukata visahani vitatu kutoka gogo la sentimita 46 kwa injini aliyoiunda. Ni kweli, na ni kazi ya kupendeza kuitazama. Lakini misumeno ile hufanya kazi sekunde chache, mikononi mwa watu waliofunzwa, kisha huzimwa. Aliyekusudia kupasua mbao kutwa nzima hawezi kuifuata mifano hiyo. Sproketi ndogo, mwendo wa wastani na mishiko yenye mpira wa kupunguza mtikisiko, ambao ukizidi hufisha vidole ganzi, vitamfaa zaidi kuliko nguvu za farasi.

Mwisho, wananchi wanatanabahishwa kuwa kumiliki msumeno, uwe wa dukani au wa kuundwa, hakumpi mtu ruhusa ya kukata mti. Ruhusa hiyo ni jambo jengine, na huombwa kabla ya mti kuguswa.