Mnanaha: dawa na sumu katika mmea mmoja

Wakulima wa mahindi na maharage huko Mbulu na Hanang wanalijua gugu hili, mnanaha (Datura stramonium), wa jamii moja na nyanya na tumbaku. Majani yake ni mapana, yenye menomeno na harufu kali. Ua ni kama tarumbeta. Tunda lenye miiba hupasuka pande nne na kumwaga mbegu nyeusi zenye umbo la figo.

Mmea wote, hasa mbegu, una alkaloidi: hiosiamini, atropini na skopolamini. Hizi huzuia ujumbe wa neva kufika kwenye tezi na misuli laini. Ndiyo maana zamani wenye pumu walivuta moshi wa majani yake, na hospitalini atropini hutibu sumu ya baadhi ya viuatilifu. Lakini kiasi hutofautiana mmea kwa mmea, hivyo kipimo salama cha nyumbani hakipo. Ukizidisha, kinywa hukauka, mboni hutanuka, moyo huenda mbio na akili huvurugika.

Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula kilichoingiwa na alkaloidi hizi kiliua watu watano. Ng'oa mnanaha kabla haujazaa, na pembua nafaka kabla ya kusaga.